Mcheza Kwao Hutunzwa, na Arushwaye Juu Je?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Makusudio yao yalikuwa tuzo: mtu akicheza mbele ya watu wake, hutiliwa pesa na kupigiwa vigelegele. Lakini neno hili kutunza lina maana ya pili, nayo ni kumhifadhi mtu asidhurike. Ni maana hii ya pili ninayotaka kuizungumza na wasomaji wangu leo.

Siku za karibuni nimekuwa nikizungumza kwa simu na rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa anaishi na aila yake katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Binti yake, mwenye umri wa miaka 15, amechaguliwa kuingia katika kikundi cha washangiliaji wa shule yake ya sekondari. Wazazi wakaletewa karatasi ya kutia sahihi, inayosema kwamba kanuni za usalama zimebadilishwa, na kwamba mzazi amezisoma na kuzifahamu.

Rafiki yangu alizisoma lakini hakuzifahamu. Alipomwendea kocha ili amfafanulie, alimkuta ni mwalimu wa jiografia, mama mpole na mwenye subira, aliyemwambia kwa ukweli kabisa kwamba naye kanuni ameletewa tu, na kazi yake ni kuzifuata.

Kufuata kanuni usiyoijua sababu yake ni jambo linalowezekana, na wengi wetu hufanya hivyo kila siku. Lakini katika mchezo huu, hatari yake ni shingo ya mtoto.

MCHEZO WENYEWE

Ushangiliaji ninaousema si huu wetu wa kupiga makofi na kuimba jukwaani wakati wa kandanda. Ulianza kwa namna hiyo, ni kweli. Mwaka 1898, katika University of Minnesota, mwanafunzi mmoja aitwaye Johnny Campbell alitoka mbele ya watazamaji akawaongoza kupiga ukelele wa pamoja ili kuitia moyo timu yao. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Wanawake walianza kuingia katika miaka ya 1920, na vijana wa kiume walipokwenda katika Vita vya Pili vya Dunia, wasichana ndio walioshika nafasi zao.

Leo mchezo huo umekuwa jamaa wa sarakasi. Msomaji aliyepata kuwatazama vijana wetu wa sarakasi wakijenga mnara wa watu katika mahoteli ya pwani, kuanzia Diani hadi Malindi, anaweza kupata picha yake. Chini husimama wabebaji. Juu ya mabega au viganja vyao husimama msichana mwepesi. Nyuma yake husimama mlinzi, mikono tayari, kazi yake kumdaka akiponyoka na hasa kukikinga kichwa chake.

Upo pia mrusho wanaouita mrusho wa kapu. Wabebaji wawili hushikana viwiko vya mikono hata ikafanyika mithili ya kapu, msichana hukanyaga hapo, kisha wote humrusha hewani kwa nguvu. Hupaa, hujinyoosha, na hushuka akadakwa mikononi. Wakimkosa, kinachompokea ni sakafu.

Najua wapo miongoni mwa wasomaji wangu watakaosema kwamba mchezo wenyewe, kwa mavazi yake na kwa kurushwa kwa mabinti mbele ya umma, haufai na hauna haja ya kuelezwa. Hayo ni maoni yao, na mzazi ana haki ya kumwambia mwanawe hapana. Lakini watoto wa watu wako ndani ya mchezo huo, na baadhi yao ni watoto wetu sisi. Kumlinda asianguke hakuhitaji kwanza tukubaliane juu ya vazi lake.

HESABU YA MAJERAHA

Kadiri michezo ya kuinuana na kurushana ilivyozidi, hospitali nazo zilizidi kupokea wagonjwa. Watafiti wa Columbus hiyo hiyo, walioandika mwaka 2006, walikadiria kwamba watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 18 waliotibiwa katika hospitali za Marekani kwa majeraha ya ushangiliaji walikuwa kiasi cha 10,900 mwaka 1990. Kufikia 2002 idadi hiyo ilikuwa 22,900.

Kituo cha utafiti wa majeraha makubwa ya michezo kilichoko North Carolina nacho kilihesabu ajali zilizoua, kulemaza au kuumiza vibaya wasichana wanamichezo wa shule za sekondari tangu 1982 hadi 2007. Zilikuwa 103. Katika hizo, 67 zilitokana na ushangiliaji. Msomaji aizingatie hesabu hiyo: michezo mingine yote ya wasichana, ukijumlisha mbio, mpira wa kikapu, mazoezi ya viungo na kuogelea, iligawana zile 36 zilizobaki.

Hata hivyo yafaa tuwe waadilifu. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba washangiliaji wa sekondari hawaumii mara nyingi kuliko wenzao. Katika michezo 22 iliyolinganishwa, ushangiliaji ulikuwa wa 18 kwa wingi wa majeraha. Tatizo ni uzito wake. Anayeumia humo anaweza kuumia kwa muda mrefu. Zaidi ya nusu ya majeraha yalitokea katika kuinuana na kurushana, na karibu thuluthi moja ya majeraha yote yalikuwa mtikisiko wa ubongo.

Hapa pana jambo wanalolisahau wengi. Tunamwonea huruma aliye juu, lakini wabebaji na walinzi nao hupigwa. Kiwiko cha anayeshuka kikimpata mbebaji kichwani, huyo aliyesimama imara juu ya ardhi ndiye atakayepelekwa kwa daktari.

MWAKA 2006

Mwezi wa Machi mwaka 2006, katika mji wa St. Louis, mshangiliaji mmoja wa Southern Illinois University, binti wa miaka 18, alianguka kutoka juu ya mnara wa watu wakati wa mapumziko ya mechi ya mpira wa kikapu. Urefu ulikuwa kama meta 4.5, na chini ilikuwa sakafu ya mbao ya uwanja. Alivunjika mfupa wa shingo na kupata mtikisiko wa ubongo. Televisheni ilimwonyesha akitolewa juu ya machela, na bendi ya chuo ilipopiga wimbo wao aliendelea kuitikia kwa mikono. Marekani nzima ilimsifu kwa ushujaa wake, na akapona.

Nami namsifu. Lakini swali la maana zaidi lilikuwa la wale waliouliza kwa nini mnara ule ulisimamishwa juu ya sakafu ngumu pasipo godoro.

Tufanye hesabu ya darasani. Kitu kikiangushwa kutoka meta 4.5, hufika chini kwa kasi ya kama kilomita 34 kwa saa. Hiyo ni kasi ya pikipiki barabarani. Kinachomwokoa au kumwangamiza aangukaye ni muda ambao sakafu inampa wa kusimama. Saruji haimpi muda wowote. Godoro hubonyea likampa sehemu ndogo ya sekunde, na hiyo ndogo ndiyo inayotenga mtu aliyetikisika na mtu aliyevunjika.

Mwaka 2009 watafiti walipima sakafu 10 ambazo washangiliaji huzitumia, kutafuta ni kimo gani ambacho mtu akianguka kutoka hapo kichwa chake kiko katika hatari kubwa. Kwa saruji, kimo hicho kilikuwa nusu futi tu. Kwa sakafu ya springi inayotumiwa katika mashindano, kilizidi futi 11. Mtoto ni yule yule na mchezo ni ule ule. Tofauti ni kile kilichotandikwa chini.

Basi kuanzia msimu wa 2006 na 2007, mrusho wa kapu ulipigwa marufuku juu ya sakafu ngumu, kwa vyuo na kwa shule za sekondari pia. Je, ilifaa? Ilifaa. Watafiti waliopitia ajali mbaya za miaka 2002 hadi 2017 waliona kwamba baada ya marufuku hiyo majeraha makubwa yatokanayo na mrusho wa kapu yalipungua sana. Mistari michache ya karatasi ilihifadhi shingo za watu.

KANUNI HUTOKA WAPI?

Kwa shule za sekondari, kanuni huandikwa na kamati ya shirikisho la taifa la vyama vya michezo vya shule, linalojulikana kwa ufupi kama NFHS, ambalo makao yake yako Indianapolis. Kamati huzipitia kanuni kila mwaka. Penye badiliko hueleza badiliko lenyewe na sababu yake, na hutaja pia mambo ambayo makocha wayatilie mkazo mwaka huo. Kisha kila jimbo huzipokea kwa utaratibu wake, na mengi huwaita makocha katika mkutano wa kuelezwa.

Kwa hiyo sababu huandikwa. Nionavyo mimi, udhaifu uko katika njia, tangu kwa kamati hadi kwa mwalimu wa jiografia. Sababu hupotea humo njiani, na kinachomfikia mwalimu ni orodha ya makatazo. Mnara usizidi watu wawili kwenda juu. Anayeinuliwa juu ya mikono iliyonyooshwa awe na mlinzi. Anayerushwa asipinduke hewani. Mrusho wa kapu usifanywe juu ya sakafu ngumu.

Sasa mfikirie kocha anayejua neno la kanuni peke yake. Ameambiwa mrusho wa kapu umekatazwa juu ya sakafu ngumu, naye ni mtiifu. Siku ya mechi hafanyi. Lakini jioni ya Jumatano ukumbi wa mazoezi umechukuliwa na timu ya mpira wa kikapu, kama ilivyo desturi, na wasichana wake wamesukumiwa kwenye ujia wenye sakafu ya vigae. Huko anawafundisha namna nyingine ya kumrusha mtu, ambayo jina lake si mrusho wa kapu. Hajavunja neno lolote alilolisoma. Na ajali nyingi mbaya za mchezo huu hutokea mazoezini, pasipo mtazamaji wala televisheni.

Kocha anayeijua sababu hawezi kufanya hivyo. Yeye ameambiwa kwamba adui ni kimo pamoja na ugumu wa sakafu, kwa hiyo atauliza maswali hayo mawili juu ya kila jambo jipya, hata lile ambalo kamati haijapata kulitaja.

NENO LA MAHAKAMA

Kwamba hili si jambo la kubuni, kesi moja ya jimbo la Wisconsin inathibitisha. Mwaka 2004 msichana wa sekondari alianguka kwa nyuma akaumia kichwa wakati kikundi chake kilipokuwa kikijizoeza kabla ya mechi. Hapakuwa na godoro, na kocha alikuwa upande mwingine na kundi jingine. Kesi ilifika mahakama ya juu ya jimbo hilo, ambayo ilitoa hukumu yake Januari 2009.

Mahakama ilisema ushangiliaji ni mchezo wa kugusana, na kwa sheria ya Wisconsin mchezaji mwenzake hawezi kushtakiwa kwa uzembe wa kawaida. Juu ya kocha na shule, upande wa msichana ulitegemea kitabu cha kanuni za mchezo na yale kinachosema juu ya walinzi. Mahakama ikaona kwamba kanuni hizo zilimwachia kocha nafasi ya kuamua mwenyewe, na kwa kuwa zilimwachia nafasi hiyo, shule ilikingwa na sheria.

Sitaki kuwasahihisha mahakimu. Ninachotaka msomaji akione ni maana ya hukumu hiyo kwa mzazi. Pale ambapo kanuni inamwachia kocha kuamua, kinga ya mtoto ni akili ya kocha, na hapana kingine. Kitabu hakitamdaka, wala mahakama haitamlipa. Kama ndivyo, mafunzo ya huyo anayeachiwa kuamua yanawezaje kuwa karatasi ya kutia sahihi?

JE, NI MCHEZO?

Lipo na jambo jingine linalowatatiza makocha hawa. Kwa miaka mingi shule hazikuamua kama ushangiliaji ni mchezo kama michezo mingine au ni pambo la michezo ya wengine. Mwaka 2010 hakimu mmoja wa Connecticut aliamua, katika kesi ya chuo kikuu cha Quinnipiac, kwamba ushangiliaji wa mashindano ulikuwa bado haujafikia daraja la kuhesabiwa mchezo chini ya sheria ya mwaka 1972 ya usawa wa wanawake katika elimu. Mahakama ya rufani iliunga mkono mwaka 2012.

Mwaka huo huo wa 2012 jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilisema kinyume: uhesabiwe mchezo, ili washangiliaji wapate wataalamu wa tiba za michezo, sehemu nzuri za kufanyia mazoezi na makocha waliofundishwa. Waliongeza kwamba mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo atolewe mara moja, asirudi mpaka daktari amruhusu kwa maandishi. California ilipitisha sheria yake mwaka 2015 ya kuutambua ushangiliaji wa mashindano. Na mwaka 2021 kamati ya kimataifa ya Olimpiki iliutambua kikamilifu muungano wa ushangiliaji wa dunia.

Mambo haya si ya heshima tupu. Panapoitwa mchezo, ukumbi hugawanywa kwa zamu na godoro huingia katika bajeti. Panapoitwa pambo, wasichana hurudi kwenye ujia.

KANUNI NA MTANDIO

Wasomaji wangu huenda wakakumbuka kisa cha Septemba 2020 katika mji wa Nashville, pale msichana Mwislamu wa sekondari alipozuiwa kucheza mechi ya mpira wa wavu kwa kuwa amevaa hijabu bila kibali cha chama cha michezo cha jimbo. Mwamuzi hakuwa ameitunga kanuni hiyo. Ilikuwa kitabuni, na yeye aliifuata. Mwaka 2021 shirikisho lile lile la NFHS liliiondoa haja ya kibali katika mpira wa wavu.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu rafiki yangu aliniuliza kama kanuni za usalama zingemvua binti yake mtandio. Nilimjibu amuulize kocha sababu. Katika kuinuana, pini kali inaweza kumchoma mwenzio jichoni, na nguo inayoning'inia inaweza kunaswa na mkono wa mdakaji. Hiyo ni hoja, nayo hutatuliwa kwa kitambaa kilichobana na kisicho na pini. Kocha asiyejua sababu atasema vua. Anayeijua atasema funga vizuri.

LA KUFANYA

Mimi naona mambo matatu. Kwanza, kila badiliko la kanuni limfikie kocha likiwa pamoja na ajali iliyolileta, kwa maneno ya kawaida, ili asome na aone nani aliumia na vipi. Pili, aelezwe kwa vitendo, asimame mwenyewe mahali pa mlinzi na aone mikono iwe wapi. Tatu, mzazi asitie sahihi kabla ya kuuliza: watoto wanafanya mazoezi juu ya nini siku ambayo ukumbi hauko wazi? Nani anaamua kwamba wako tayari kwa jambo jipya? Na mtoto akigonga kichwa, ni nani mwenye amri ya kumtoa, hata kama onyesho limekaribia?

Maswali hayo hayahitaji mtu awe Columbus. Katika shule zetu za pwani wapo walimu wanaopewa mazoezi ya viungo kwa kuwa tu wao ndio vijana, na wapo watoto wanaojifunza sarakasi juu ya saruji na mchanga ulioshindiliwa na jua. Hatuna kitabu cha NFHS. Lakini godoro kuukuu lipo, mlinzi wa kusimama nyuma yupo, na mwalimu wa kuambiwa kwa nini yupo.

Rafiki yangu ameirudisha karatasi yake shuleni. Hakuitia sahihi. Ameandika juu yake maswali hayo matatu, na yule mama wa jiografia ameahidi kuyapeleka katika mkutano wa makocha.